Shamba Linalojilisha Lenyewe: Maana ya Pamakalcha kwa Vikundi Vyetu



Hebu tuanze na hesabu ndogo. Siku mtakapokutana, mje na mahindi kidogo mkononi. Wekeni chini punje moja kwa kila shilingi mia moja mliyotumia shambani msimu uliopita: mbegu, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, dawa ya viwavi, dawa ya wadudu wa ghala, nyasi ya ng'ombe wakati wa kiangazi, vibarua. Halafu upande wa pili wekeni punje moja kwa kila shilingi mia iliyotoka shambani, ikiwa ni mavuno mliyouza au chakula mlichokula nyumbani. Yatazameni marundo hayo mawili bila kudanganyana.

Mimi nilipofanya hesabu hiyo nilinyamaza. Mwaka wa 2022 bei ya mbolea ilipanda hata mfuko wa DAP wa kilo 50 ukawa unauzwa zaidi ya shilingi 6,000. Niliuza mbuzi wawili nikanunua mfuko mmoja na mbegu. Mvua ya Machi ilinyesha siku chache, ikakatika. Mahindi yalifika magotini, yakakauka yakiwa yamesimama. Mbuzi wameenda, mbolea imeenda, na ghala tupu.

Jirani yangu ng'ambo ya kijito, mama mjane mwenye ekari moja na nusu, hakununua mfuko hata mmoja. Yeye pia mahindi yake yalikauka. Lakini alikuwa na mbaazi, mihogo, ndizi kadhaa kando ya bafu, mboga za kienyeji na kuku. Hakutajirika, lakini alikula, na mwezi wa Agosti ndiye aliyetuletea sufuria ya mbaazi nyumbani kwangu. Sufuria ile ilinifundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Nikaanza kujiuliza: mvua ni ile ile, jua ni lile lile, udongo umepakana. Mbona shamba lake lilimtunza na langu likanila?

Jibu ndilo tunalotaka kulieleza katika makala haya. Siku hizi linaitwa pamakalcha.

JINA LENYEWE LINA MAANA GANI?

Pamakalcha ni jina lililotungwa huko Australia katika miaka ya 1970 na watu wawili, Bill Mollison na David Holmgren. Mwaka wa 1978 walitoa kitabu chao cha kwanza juu ya jambo hili. Waliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya "kudumu" na jingine "kilimo". Kwa hivyo tunaweza kusema ni kilimo cha kudumu. Baadaye waliona kwamba neno kilimo halitoshi, kwa sababu mtu halimi tu. Anajenga nyumba, anateka maji, anapika, anauza, anaishi na majirani. Wakasema basi maana yake ipanuke iwe utamaduni wa kudumu, yaani namna nzima ya kuishi ambayo inaweza kuendelea miaka na miaka bila kumaliza kile inachokitegemea.

Kwa lugha ya nyumbani: pamakalcha ni kupanga shamba na boma ili kila kitu kilichomo kisaidie kingine, mpaka shamba lijilishe lenyewe na likulishe na wewe.

Angalieni neno "kupanga". Watu wengine husikia pamakalcha wakadhani ni kulima bila dawa tu. La. Unaweza kulima bila dawa na bado shamba lako likawa linakufa polepole, kwa sababu maji yanakimbia, udongo uko uchi, na samadi inaozea bomani huku mahindi yana njaa hatua thelathini kutoka hapo. Vitu vyote unavyo, ila havijakutanishwa. Kazi ya pamakalcha ni kuvikutanisha.

Waanzilishi wake waliweka mambo matatu ya msingi. La kwanza ni kutunza ardhi. La pili ni kutunza watu. La tatu ni kugawana ziada, yaani ukishapata cha kukutosha usikusanye mpaka kikuharibikie, bali kirudishe kwa udongo na kwa jirani. Ile sufuria ya mbaazi niliyoitaja ndiyo jambo la tatu, ingawa mama yule hakuwahi kulisikia jina la pamakalcha.

MSIJIDHARAU: MENGINE TUNAYO TANGU ZAMANI

Ni vizuri ieleweke kwamba mambo haya si mageni yote. Babu zetu walichanganya mazao shambani. Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro wamekuwa na mashamba ya nyumbani ambamo miti mirefu iko juu, ndizi chini yake, kahawa chini ya ndizi, na mboga na nduma chini kabisa, huku ng'ombe wakikatiwa majani zizini na samadi ikirudi migombani. Mashamba hayo yamelisha watu wengi katika eneo dogo kwa vizazi vingi.

Na hapa kwetu Kenya tuna habari ya Machakos, ambayo kila kikundi kinafaa kuijua. Mwaka wa 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya mmomonyoko huko Ukambani. Kwa maoni yake nchi ile ilikuwa inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Serikali ikaanza kuwalazimisha watu kupunguza mifugo, na mwaka wa 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda hadi Nairobi kupinga ng'ombe wao kuchukuliwa. Makinga maji nayo yalichimbwa kwa amri, na kazi ya amri watu waliichukia. Uhuru ulipokuja, wengi waliyaacha yakabomoka.

Lakini habari haikuishia hapo. Baadaye watu walirudia kuchimba makinga maji kwa hiari yao, kwa sababu wameona faida. Waliyachimba kupitia mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi, na wengi waliobeba majembe walikuwa akina mama. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu mabadiliko hayo. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka. Wale waliosema watu wakizidi ardhi lazima ife walikosea. Ardhi hufa ikikosa matunzo, na matunzo yanataka mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MSITU UNATUFUNDISHA NINI?

Ingieni katika msitu wowote, hata kile kipande kidogo kilichobaki kando ya mto. Hakuna mtu anayeupelekea mbolea. Hakuna anayeulima wala kuupalilia. Na bado unakaa kijani wakati mashamba yamekauka. Kwa nini?

Kwanza, udongo wa msituni hauko uchi hata siku moja. Majani yaliyoanguka yameufunika kama blanketi. Tone la mvua likishuka haliupigi udongo moja kwa moja, linaangukia jani, kisha linaingia ardhini taratibu. Jua pia haliufikii udongo kuukausha.

Pili, hakuna takataka. Jani likianguka huliwa na mchwa, minyoo na viumbe vidogo tusivyoviona kwa macho. Vinaligeuza kuwa mboji, mizizi inaichukua, inarudi juu kuwa jani tena. Ni mzunguko usio na mwisho.

Tatu, mimea imepangwa kwa ghorofa. Mirefu iko juu, ya kati inafuata, mifupi iko chini, mingine inatambaa na mingine inapanda juu ya mingine. Na chini ya ardhi ni hivyo hivyo: mizizi mingine ni ya juu juu, mingine inakwenda chini kabisa kutafuta maji na chakula ambacho mahindi hayakifikii.

Sasa lilinganisheni na shamba la mahindi matupu. Baada ya kuvuna tunakata mabua tunawapa ng'ombe, yanayobaki tunachoma. Udongo unakaa uchi miezi mitatu ukipigwa na jua na upepo. Mvua ya kwanza inakuja kwa nguvu na kuubeba ule udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Halafu tunaenda dukani kununua kwenye mfuko kile tulichokichoma na kile kilichoenda na maji. Shamba la namna hiyo ni kama debe lililotoboka. Unaweza kulijaza kila msimu, lakini halitajaa.

KILA KITU KIFANYE KAZI ZAIDI YA MOJA

Chukueni mfano wa kuku wa kienyeji. Sisi tunamwona kwa mambo mawili: mayai na nyama. Lakini kuku pia anakula wadudu na mbegu za magugu, anachakura udongo, anatoa samadi kali yenye rutuba nyingi. Mahitaji yake ni chakula, maji, kivuli na mahali pa kulala. Ukijenga kibanda cha kuku mbali na kila kitu, itakubidi ubebe chakula, ubebe maji, ubebe samadi. Kazi yote ni yako. Ukikijenga karibu na bustani ya mboga, chini ya mti wa matunda, mti unampa kivuli, matunda yaliyooza na wadudu wake ni chakula, mabaki ya mboga unamrushia tu, na samadi iko hapo hapo unapoihitaji. Kuku ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipokaa. (Bustani lazima izungushiwe ua, ama sivyo hao kuku watakula mboga kabla yako!)

Fanyeni hivyo kwa kila kitu. Mti wa kaliandra kwenye ukingo wa kinga maji unashika udongo, unatoa kuni, unavutia nyuki na unalisha ng'ombe. Katika sehemu za mvua kama Embu, wafugaji wamejua kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika mahali pa kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa.

Kanuni ya pili inaenda sambamba na hiyo: kila jambo la lazima lishikiliwe na vitu zaidi ya kimoja. Chakula kisitegemee mahindi peke yake. Maji yasitegemee mto peke yake. Pesa zisitoke kwa zao moja peke yake. Hilo ndilo kosa langu la mwaka wa 2022. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, na mguu ukavunjika.

HATUA ZA KUFUATA SHAMBANI

1. Tazama kwanza. Kabla ya kugusa jembe, keti ulitazame shamba. Mvua inaponyesha vaa gunia kichwani utoke nje uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Upepo unatoka upande gani? Ni wapi nyasi hukaa kijani wakati wa kiangazi? Ni njia gani wewe mwenyewe huipita kila siku? Chora ramani chini kwa kijiti au kwenye karatasi. Haraka haraka haina baraka, na shimo lililochimbwa pasipofaa ni jasho la bure.

2. Shika maji. Anzia juu ya shamba ukishuka. Ili kupata mstari ulio sawa, tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti wa tatu uliofungwa katikati kwa upana, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka juu. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuze, miguu ibadilishane mahali pale pale, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Halafu tembea na fremu yako ukikita vijiti, hatua kwa hatua, kamba ikiwa kwenye alama ya usawa.

Kwenye mstari huo chimba fanya juu: mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu, ndiyo sababu ya jina lake. Panda nyasi kwenye ukingo, kama nepia mahali penye mvua au makarikari mahali pakavu. Miaka inavyopita udongo unajikusanya nyuma ya ukingo na mteremko unakuwa ngazi.

Sehemu kavu, jaribuni mashimo ya zai. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyoiva, uurudishe shimoni, ukiacha nafasi ya kama sentimita 15 juu ya kushika maji. Panda punje tisa za mahindi mahali penye mvua ya kutosha, au tano mahali pakavu. Kuchimba ni kazi ngumu, lakini shimo moja hutumika misimu kadhaa.

Msisahau paa la nyumba. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya mabati inatoa lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Hata tukitoa ile inayomwagika, ni safari ngapi za mtoni hizo kwa mama na binti zake?

Na maji ya kuoga je? Chimba shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 1 mahali yanapotokea, lijaze majani, mabua na takataka za jikoni, upande migomba kuzunguka ukingo wake. Mipapai na nduma zinaweza kufuata. Maji machafu yanakuwa ndizi.

3. Lisha udongo. Udongo una uhai, na kila chenye uhai hula. Mpe mboji. Chagua mahali penye kivuli, legeza udongo kwenye eneo la upana wa mita moja na nusu, urefu upendavyo. Weka chini vijiti na mabua magumu ili hewa ipite. Halafu tabaka kwa tabaka: majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo wa juu kidogo na jivu, ukinyunyiza maji kila mara. Majani ya alizeti mwitu, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya barabara, ni mazuri sana kwa sababu yana rutuba nyingi na huoza upesi. Endelea mpaka rundo lifike kimo cha mita moja na nusu. Choma fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache ikiwa moto, mboji inaiva. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza rundo baada ya wiki mbili au tatu, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu iko tayari. Mboji iliyoiva inanuka kama udongo wa msituni.

Juu ya mboji, funika udongo kwa matandazo. Nyasi kavu, majani, mabua, chochote ambacho hakina mbegu za magugu. Mahali penye mchwa wengi, yaweke mbali kidogo na shina la mche.

4. Changanya mimea. Mahindi na maharagwe, mtama na kunde, mbaazi kati ya mistari. Mimea ya jamii ya maharagwe inachukua naitrojini hewani na kuiweka kwenye vifundo vya mizizi yake. Ng'oa mche mmoja wa maharagwe unapoanza kutoa maua, upasue kifundo. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Hicho ni kiwanda cha mbolea ambacho hakitumi bili.

Mfano mzuri zaidi wa mimea kusaidiana ni njia ya sukuma-vuta, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE huko Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wakishirikiana na KARI na kituo cha Rothamsted cha Uingereza katika miaka ya 1990. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desimodiamu. Harufu yake inamfukuza nondo anayeleta viwavi wa mabua. Hiyo ni sukuma. Kuzunguka shamba unapanda nepia, ambayo inamvutia nondo huyo aje atage huko. Hiyo ni vuta. Nepia inatoa utomvu unaonata na viwavi wengi hufia humo. Tena mizizi ya desimodiamu inafanya mbegu za striga, lile gugu ambalo Waluo wanaliita kayongo, ziote halafu zife kabla ya kushika mizizi ya mahindi. Desimodiamu ukishaipanda inakaa miaka, inaongeza naitrojini, inafunika udongo, na pamoja na nepia inalisha ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi, na samadi inarudi kwenye mahindi. Mnauona mzunguko? Hapo ndipo pamakalcha yote imekaa.

5. Panga kwa kuanzia mlangoni. Kile unachokihitaji kila siku kiwe karibu. Sukuma wiki, managu, terere, kitunguu na dhania viwe hatua chache kutoka jikoni, kuku karibu na hapo. Kinachofuata ni miti ya matunda na ng'ombe. Mahindi na mtama viwe mbali zaidi. Miti ya mbao na kuni iwe mwisho wa shamba au mpakani. Na kama nafasi ipo, acheni kipande kidogo kisichoguswa, cha nyuki, ndege na dawa za mitishamba. Bustani ikiwa mbali huisahau, ikiwa mlangoni utang'oa gugu hata ukiwa umebeba mtoto.

MAMBO AMBAYO SEMINA HAZISEMI

Tungewadanganya kama tungesema njia hii ni rahisi.

Kwanza, kuna kazi nyingi mwanzoni. Kuchimba, kubeba majani, kugeuza mboji. Mara nyingi kazi hiyo inaangukia akina mama, ambao tayari wana maji, kuni na watoto. Shamba likijilisha kwa kummaliza mama, hapo hatujatunza watu. Wanaume wa boma washike jembe la mtaro, na kikundi kizunguke kutoka shamba hadi shamba kama mwethya, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu.

Pili, udongo uliochoka hauponi kwa msimu mmoja. Kama umezoea mbolea ya dukani, usiiache ghafla kwa shamba zima halafu watoto walale njaa. Anza na kipande. Punguza kidogo kidogo kadiri mboji inavyoongezeka. Na mboji kutoka kwa ng'ombe mmoja haitoshi ekari tatu, kwa hivyo itumie pale penye faida kubwa, kwenye mashimo na kwenye mboga.

Tatu, si kila mti ni rafiki. Wazee wa Baringo wanajua habari ya mathenge, mti ulioletwa huko miaka ya 1980 kusaidia kuzuia jangwa. Ukaenea mpaka ukafunga malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mikalitusi nayo isipandwe karibu na chemchemi. Kabla ya kupanda mti mgeni, uliza: unaenea vipi? unakunywa maji kiasi gani? ukinishinda nitaung'oa?

Nne, na hili ni zito, ni nani mwenye shamba? Mti wa mwembe unataka miaka. Mama ambaye hana hakika kama ataruhusiwa kubaki hapo mume akifa, kijana ambaye hajagawiwa, mtu aliyekodi kwa msimu, hao watapanda miti kwa moyo gani? Jirani yangu yule mjane aliwahi kuambiwa aondoke na shemeji zake. Alibaki kwa sababu wazee wa ukoo walikaa wakaamua hivyo mbele ya mashahidi. Ndizi zile zisingekuwepo bila kikao kile. Basi vikundi vizungumze juu ya hati, juu ya urithi wa wake na mabinti, na juu ya mapatano ya kukodi ya miaka kadhaa yaliyoandikwa. Kilimo cha kudumu kinataka mkulima aliye na mahali pa kudumu.

KIKUNDI KIANZIE WAPI?

Msijaribu kila kitu mara moja. Chagueni shamba moja la mwanakikundi, lililo karibu na njia ili majirani waone. Mwezi wa kwanza, litembeleeni wote mchore ramani. Mwezi wa pili, rundo moja la mboji na vitanda viwili vya mboga mlangoni. Kabla ya mvua, kinga maji moja na mashimo ya zai ishirini, na kando yake muache mistari michache iliyolimwa kwa njia ya kawaida ili mlinganishe. Andikeni katika daftari: mlitumia nini, mlivuna kasuku ngapi, mlikula nini wakati gani. Baada ya mavuno mkutane tena pale pale. Kilichofaulu kipelekwe kwa mashamba mengine. Kilichokataa kisemwe wazi, hakuna aibu.

Mimi nilianza na mashimo thelathini na migomba mitatu kwenye maji ya bafu. Bado nanunua mbolea, lakini kidogo. Bado mvua inakatika. Ila mwaka jana nilipopeleka ile sufuria ng'ambo ya kijito ilikuwa imejaa ndizi za kwangu, na yule mama alicheka, akasema nimechelewa lakini nimefika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika ile hesabu ya punje, ni vitu gani vitatu tunanunua ambavyo vingeweza kutoka mashambani mwetu?

2. Maji ya mvua yanayopita katika boma letu yanakwenda wapi? Yanabeba nini?

3. Katika shamba letu, ni vitu gani viwili viko mbali mbali ilhali vingefaa kukutanishwa?

4. Wazee wetu walifanya nini shambani ambacho tumekiacha? Tulikiacha kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo?

5. Ni nani katika kikundi chetu anayeogopa kupanda mti kwa sababu ya habari ya ardhi? Tunaweza kumsaidia vipi kabla ya mvua ijayo?